Vuta nikuvute ndani ya punje ya soya

Wataalamu wa mbegu wanataka soya izae zaidi na pia itoe mafuta zaidi. Mbona kazi hiyo ichukue miaka kumi, nayo inakuhusu nini wewe unayenunua mafuta dukani?

MSOMAJI, hebu ingia jikoni mwako uitazame chupa ya mafuta iliyo kando ya jiko. Je, umewahi kujiuliza mafuta hayo yalitoka wapi? Yamkini yalisafiri mbali kuliko wewe ulivyowahi kusafiri. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayotumiwa nchini Kenya hutokana na mawese yanayoletwa kwa meli hadi Mombasa kutoka Malaysia na Indonesia. Ndiposa Indonesia ilipozuia mawese yake yasiuzwe nje kwa majuma kadhaa mnamo Aprili na Mei 2022, huku vita vya Ukraine vikiwa tayari vimevuruga biashara ya mafuta ya alizeti, mama wa nyumbani wa Umoja na yule wa Kisauni waliusikia uchungu huo mfukoni.

Sasa geuka uyatazame mayai yaliyo kwenye trei. Kuku aliyeyataga huenda alilishwa chakula kilichochanganywa na mashudu ya soya, yaani makapi yanayosalia baada ya mbegu kukamuliwa mafuta. Soya hiyo nayo, kwa sehemu kubwa, hununuliwa nje, kwa sababu kinacholimwa hapa nchini ni kidogo mno kikilinganishwa na mahitaji ya viwanda.

Mmea huu basi ungeweza kutufaa kwa pande zote mbili, kikaangoni na kwenye banda la kuku. Punje kavu ya soya ina takriban asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta. Linganisha na maharagwe tunayotia kwenye githeri, ambayo protini yake ni kati ya asilimia 20 na 25 na mafuta yake hayafiki hata asilimia 3. Swali ni hili: ikiwa soya ina utajiri wote huo, kwa nini wataalamu wasiipe mafuta zaidi na mavuno zaidi kwa mpigo mmoja, mambo yakaisha?

Njia mbili zilimshinda fisi

Jibu limo ndani ya punje yenyewe. Mmea hutengeneza sukari katika majani yake kwa nguvu za jua. Sukari hiyo ndiyo mtaji wake, na kila kitu kinachowekwa ndani ya mbegu hununuliwa kwa mtaji huo. Wanga ni rahisi: gramu 100 za sukari hutoa zaidi ya gramu 80 za wanga. Protini ni ghali zaidi, kwani sukari hiyo hiyo hutoa gramu 40 hivi tu. Mafuta ndiyo ghali kupita yote. Kutokana na gramu 100 za sukari, mmea huambulia kama gramu 33 za mafuta.

Hapo utaelewa ni kwa nini ekari ya soya haiwezi kutoa magunia mengi kama ekari ya mahindi, hata ikipaliliwa vizuri namna gani. Mahindi hujaza punje zake wanga, bidhaa ya bei nafuu, ilhali soya hujaza protini na mafuta.

Isitoshe, protini na mafuta huvutana. Mbegu ikichaguliwa kwa wingi wa mafuta, mara nyingi protini yake hushuka. Ikichaguliwa kwa wingi wa protini, mafuta hushuka na aghalabu mavuno nayo hupungua. Mwenye kiwanda cha mafuta anataka hiki, mwenye kiwanda cha chakula cha kuku anataka kile, na mkulima anataka magunia tu, kwa kuwa yeye hulipwa kwa kilo. Mtaalamu wa mbegu ndiye anayesimama katikati akivutwa na wote watatu. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu ana tatu.

Ndoa inayofungwa kwa kibano

Mbegu mpya huanza kwa kuoanisha mimea miwili, kwa mfano mmoja unaozaa sana na mwingine wenye mafuta mengi. Jambo hilo ni rahisi kulisema kuliko kulitenda. Ua la soya ni dogo sana, urefu wake kama wa punje ya mchele. Ndani yake mna viungo vya kiume na vya kike, nalo hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Nyuki akifika, harusi huwa imekwisha zamani.

Kwa hivyo mtaalamu hulazimika kuliwahi ua likiwa bado limefumba, siku moja kabla ya kufunguka. Huinama shambani akiwa na kibano chenye ncha kali kama sindano, akabandua vifuniko vya ua kimoja kimoja, kisha akaondoa stameni zote 10 bila kukijeruhi kiungo cha kike kilicho katikati. Halafu huchukua ua la mmea wa pili, akapaka chavua yake pale, na kufunga uzi au kikaratasi cha alama. Maua mengi yaliyoshughulikiwa namna hiyo hunyauka na kudondoka. Lile linaloshika hutoa ganda moja lenye punje mbili au tatu tu. Hayo ndiyo mavuno ya kazi yote ya kuinama.

Je, atajuaje kwamba punje hizo ni za ndoa ile, na si za ua kujichavusha kwa siri? Hapa wanafunzi wanaosoma Biolojia watatabasamu. Kuna soya yenye maua meupe na nyingine yenye maua ya zambarau, na jeni ya zambarau huitawala ile ya weupe. Mtaalamu akitumia mama wa maua meupe na baba wa zambarau, basi mtoto wa kweli huota akiwa na kashina chenye rangi ya zambarau tangu anapochomoza ardhini. Akichomoza na shina la kijani kitupu, huyo ni mtoto wa mama peke yake, naye hung'olewa.

Watoto hufanana, wajukuu hutofautiana

Kizazi cha kwanza baada ya ndoa hiyo huwa na sura moja. Tofauti hujitokeza kwa wajukuu. Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi. Mmoja hukomaa mapema, mwingine huchelewa. Mmoja ana mafuta, mwingine hana. Mtaalamu hupanda mamia au maelfu ya wajukuu hao na kuanza kuchagua.

Lakini hawezi kumkabidhi mkulima mjukuu, kwa sababu bado hajatulia. Mbegu zake zikipandwa zitatoa mimea mchanganyiko. Kwa kuwa soya hujichavusha, dawa ni kungoja. Kwa wajukuu, nusu ya jeni zilizotofautiana baina ya wazazi bado zimechanganyika. Kizazi kinachofuata zinabaki asilimia 25, kisha 12.5, kisha 6.25, hadi mimea yote inafanana kama sare za shule. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati kidogo hapo, kwani mahali penye misimu miwili ya mvua vizazi viwili hupatikana kwa mwaka mmoja.

Baada ya hapo huja majaribio ya mashamba, sehemu za baridi na za joto, zenye mvua na zenye uhaba wa mvua, msimu baada ya msimu. Nchini Kenya mbegu mpya lazima pia ipitie majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS kabla ya kuidhinishwa. Ukihesabu tangu siku ya kibano hadi siku ya gunia la kwanza dukani, miaka minane hadi kumi hupita upesi.

Kupima mafuta pia kulikuwa na tatizo lake. Kwa njia ya zamani, mbegu husagwa na mafuta yake kuoshwa kwa dawa ya kuyayeyusha, kisha yakapimwa. Jibu hupatikana, lakini mbegu imekufa. Siku hizi maabara nyingi hutumia mashine inayomulika punje kwa mwanga usioonekana kwa macho na kusoma kiasi cha mafuta na protini bila kuivunja. Punje iliyofaulu mtihani asubuhi inaweza kupandwa alasiri.

Saa iliyomo ndani ya mmea

Huenda msomaji ukauliza: Wamarekani wamekuwa wakiboresha soya kwa zaidi ya karne moja, mbona tusilete tu mbegu zao? Hebu tuone.

Asili ya soya ni China na nchi jirani za Asia Mashariki. Kati ya 1929 na 1931, P. H. Dorsett na W. J. Morse, waliotumwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, walizunguka Japani, Korea na China wakikusanya aina zipatazo 4,500. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Japani ilipoziteka nchi za Pasifiki zilizokuwa zikiuzia Marekani mafuta ya nazi na mawese, soya ikawa mkombozi. Mbegu kama Lincoln, iliyotolewa miaka ya 1940, ilizipita zile za awali kwa mavuno na kwa mafuta pia.

Lakini soya ina saa ndani yake. Mwaka 1920 wanasayansi W. W. Garner na H. A. Allard walitangaza kwamba soya aina ya Biloxi, hata ikipandwa kwa tarehe tofauti tofauti, ilitoa maua karibu wakati mmoja. Mmea haukuwa ukihesabu umri wake, bali urefu wa mchana na usiku. Huko Illinois mchana wa mwezi Juni hufikia saa 15, na soya hukua tu bila haraka ya kutoa maua. Ilete hapa kwetu karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, nayo itadhani msimu umekwisha. Itatoa maua ingali fupi, ikibeba maganda machache yaliyoshikilia chini karibu na udongo.

Brazil ilikuwa na tatizo hilo hilo. Wataalamu wake, wakiwemo wa shirika la utafiti la Embrapa lililoundwa 1973, walitafuta mimea yenye "utoto mrefu", yaani inayokataa kutoa maua upesi hata mchana ukiwa mfupi. Waliingiza tabia hiyo katika mbegu zao, na soya ikapanda kutoka kusini kwenye baridi hadi nyanda za joto zilizo karibu na ikweta. Jeni inayohusika, iitwayo J, ilitambuliwa na watafiti mwaka 2017. Leo Brazil ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha soya.

Kitu kingine ni mizizi. Soya hupata naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Mbegu za Marekani zilipoletwa Afrika zilikuwa na maringo. Hazikuwakubali bakteria wa udongo wetu, na bila chanjo ya bakteria wao zilikua manjano na dhaifu. Taasisi ya IITA iliyoko Ibadan, Nigeria, iliyoanzishwa 1967, ilizioanisha na soya za Asia zisizochagua bakteria. Uzao wao hutambulika kwa herufi TGx. Mmoja wao, TGx 1740-2F, umefika hadi magharibi mwa Kenya ambako wakulima wanaujua kwa jina SB 19.

Kutu ya 1996

Hata ukipata mbegu yenye mafuta, yenye mavuno na inayokubali saa zetu, bado adui anaweza kuja kwa upepo. Majirani zetu wa Uganda wanalijua hilo vyema.

Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya uliingia Uganda, na mwaka huo huo ukaripotiwa pia Kenya na Rwanda. Huletwa na kuvu ambayo vumbi lake la uzazi husafiri angani. Majani hujaa madoa ya rangi ya kutu, hugeuka manjano na kuanguka kabla punje hazijajaa. Mmea usio na majani hauna sukari, na usio na sukari hauna cha kuweka ndani ya mbegu, yawe mafuta au protini. Aina zilizopendwa na wakulima wa Uganda wakati huo, Nam 1 na Nam 2, hazikuwa na kinga. Mashamba yaliungua kana kwamba yamepitiwa na moto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha Namulonge, walianza kutafuta mimea iliyobaki kijani wakati mingine imekauka, na kuioanisha na ile yenye mavuno. Mwaka 2004, miaka minane baada ya janga, walitoa Namsoy 4M na Maksoy 1N. Furaha ya Maksoy 1N haikudumu, kwani kuvu ilibadilika na kinga ya mbegu hiyo ikavunjika. Watafiti hawakukata tamaa. Maksoy 2N ikatoka 2008, na Maksoy 3N ikafuata 2010. Hii ya tatu ilipendwa sana na wakulima, maana ilizaa vizuri, ilikuwa na punje kubwa na mafuta ya kutosha.

Tazama basi mpangilio wa mambo. Kwanza mbegu ilipaswa kuishi. Mafuta yalihesabiwa baadaye.

Hesabu ya ekari

Hapa tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi wachukue kalamu. Tuchukulie kuna mbegu tatu. Ya kwanza huzaa kilo 500 kwa ekari na ina asilimia 20 ya mafuta. Hiyo ni kilo 100 za mafuta. Ya pili ina asilimia 22, lakini huzaa kilo 400 tu: kilo 88 za mafuta. Ya tatu ina asilimia 19, ila huzaa kilo 700. Piga hesabu upate kilo 133.

Mbegu yenye mafuta machache kwa kila punje ndiyo inayojaza pipa! Hii ndiyo sababu mtaalamu mwenye busara hakimbilii asilimia pekee. Huchunga asilimia ya mafuta isishuke, huku nguvu zake nyingi akizielekeza kwenye mavuno na kinga dhidi ya magonjwa. Fauka ya hayo, mbegu hiyo ya tatu huacha mashudu mengi zaidi kwa ajili ya kuku.

Ubora wa mafuta nao unashughulikiwa. Mafuta ya kawaida ya soya huharibika upesi yakipata joto kali au yakikaa sana. Zamani viwanda viliyagandisha kwa hidrojeni ili yadumu, na hapo yakazaliwa mafuta yanayodhuru moyo. Mwaka 2010 watafiti wa Missouri, Marekani, walionyesha kwamba kwa kuunganisha jeni mbili zilizodhoofika, asidi ya oleiki, ile ile inayosifika katika mafuta ya zeituni, hupanda kutoka kama asilimia 20 hivi hadi karibu 80. Walifanya hivyo kwa kuoanisha soya na soya, bila kuingiza jeni ya kiumbe kingine.

Nchini mwetu mbegu zipo: Nyala, Gazelle na hiyo SB 19, miongoni mwa nyingine. Jambo moja linalopasa kueleweka ni kwamba soya, tofauti na mahindi chotara, hujichavusha, hivyo mkulima anaweza kuweka akiba ya mbegu yake kwa msimu ujao bila kupoteza sifa zake. Hiyo ni neema kwa mkulima. Kwa kampuni ya mbegu si biashara ya kuvutia, kwa kuwa mteja akinunua leo huenda asirudi kesho. Ndiyo maana mbegu nyingi za soya Afrika zimetoka vyuo vikuu na taasisi za umma, na fedha za utafiti zikikatwa, kazi ya miaka kumi hukatika nayo. Mkulima naye akumbuke kwamba mbegu ya soya huzeeka upesi ghalani. Iliyokaa miaka miwili isipandwe kabla ya kujaribiwa kwanza kama inaota.

Nanyi mlio mjini, unaponunua soya sokoni ili kusagia uji wa watoto, usiisage ikiwa mbichi. Soya mbichi ina kemikali inayozuia tumbo kusaga protini, nayo huvunjwa na moto. Ichemshe au ikaange vizuri kwanza.

Kabla hujaikaanga, watoto nao watenge punje kumi, wazipande kwenye mkebe wa udongo na kuuweka dirishani. Baada ya siku chache watazame mashina yanayochomoza. Yenye rangi ya zambarau yatatoa maua ya zambarau, na ya kijani yatatoa maua meupe. Mtoto akiweza kutabiri rangi ya ua ambalo bado halijatokea, atakuwa amejifunza hatua ya kwanza ya kazi ya mtaalamu wa mbegu. Hatua zilizosalia ni kibano, kalamu na miaka kumi ya subira.